UZI: Kile kiganja chenye jicho katikati (hamsa) Wayahudi wanakivaa kwa maana gani? Tuongee kwa taarifa, sio kwa hofu

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka asome siku nyingine, ila hili jambo limenikaa rohoni zaidi ya mwezi na nimeona niliandike lote hapa.

Kisa ni funguo zangu. Kwenye funguo nina kidude cha chuma cha kiganja cha mkono, vidole vitano, rangi ya bluu, katikati kuna jicho. Jumapili moja nikaviweka kwenye benchi wakati wa ibada, baada ya ibada dada mmoja akanifata akaniuliza kwa upole kabisa, kaka mbona unatembea na alama ya Freemason? Kabla sijajibu wakawa wamefika watu wanne, mmoja anasema ni jicho la Illuminati, mwingine anasema ni mkono wa jini mahaba, mwingine anasema nikichome moto leoleo na majivu nisiyamwage nyumbani. Sikukasirika, niliumia. Kwasababu mimi namjua aliyenipa na najua alinipa kwa nia gani.

Niliwahi kwenda Israel kwenye mafunzo ya kilimo, miezi 11, kusini kule jangwani Arava, shamba la pilipili hoho. Msimamizi wetu wa shamba wazazi wake walitoka Morocco, na mama yake alikua anaishi mji mmoja wa kusini pia. Siku ya Ijumaa jioni, Sabato inapoingia, akatubeba wawili twende kula kwao. Tumefika nikamkuta mjukuu wa yule bibi, mtoto mnene mwenye mashavu, nikamsifia kama tunavosifia sisi, mtoto mzuri jamani, kanenepa, ana afya. Bibi akanyanyua mkono wake wa kulia, akaufungua vidole vyote vitano mbele yangu akasema "hamsa hamsa hamsa". Nikanywea. Nikajua nimekosea, nikajua amenifukuza kwa ishara.

Mwanae ndio akanielewesha. Hajakufukuza, anamkinga mtoto. Umemsifia bila kuweka neno la kumlinda. Nikamwambia basi kwetu pwani ukisifia mtoto unatakiwa useme mashaallah, usiposema mama yake anakuangalia vibaya. Akamtafsiria mama yake. Yule bibi akacheka sana akanishika mkono akaniambia kumbe nyie mnajua. Kutoka siku ile nikawa naenda kila nikipata nafasi, na siku naondoka ndio akanipa hicho kidude cha funguo. Kwahiyo mtu akiniambia nikichome moto, mnaelewa naona nini.

Sasa tuingie kwenye mada yenyewe.

Neno lenyewe mbona ni letu pia

Hamsa ni tano kwa Kiarabu. Kwa Kiebrania tano ni hamesh, ndugu wa damu na hilo la Kiarabu, ila alama wanaiita kwa jina la Kiarabu kwasababu Wayahudi waliokua nayo zaidi walikua wanaishi kwenye nchi za Waarabu na Kiarabu ndio walikua wanaongea nyumbani na sokoni. Na sisi neno tunalo. Hamsini imetoka hapo. Jina Khamis limetoka hapo. Wazee wa pwani mpaka leo utawasikia wakisema hamsa ishirini. Na wiki yetu ina tano mbili zilizofatana, Jumatano ya Kibantu halafu Alhamisi ya Kiarabu ambayo nayo ni siku ya tano kwa hesabu ya Waarabu. Kwahiyo ukisikia hamsa usishtuke ukadhani ni jina la pepo, ni namba, ni vidole vyako vya mkono mmoja.

Inakinga nini?

Jicho. Kiebrania wanaita ayin hara, jicho baya. Na hapa Kiswahili kimetubeba sana wakuu, sisi wivu tunauita kijicho. Lugha yenyewe imeshasema kwamba wivu unakaa kwenye jicho. Mtu anaona ulichonacho, roho inamuuma, na yale maumivu yake yanatoka kupitia macho yanakupata wewe, mtoto wako, ng'ombe wako, biashara yako. Hii ndio ilikua imani ya watu wengi sana kuanzia bahari ya Mediterania mpaka kwetu, na Wayahudi walikua nayo toka zamani.

Kwenye Talmud (mkusanyiko mkubwa wa mijadala na sheria za marabi, yaani walimu wa dini wa Kiyahudi) kuna simulizi ya mwalimu anaitwa Rav, alienda makaburini akafanya alichofanya akasema 99 wamekufa kwa jicho baya na mmoja tu amekufa kifo cha kawaida. 99 kwa 1! Na kwenye kitabu cha Pirkei Avot, sura ya 2, Rabi Yehoshua anasema vitu vitatu vinamtoa mtu duniani: jicho baya, tamaa mbaya, na kuchukia watu. Wengine wanasoma hapo jicho baya kama roho ya choyo ya mtu mwenyewe, yaani inakumaliza wewe mwenye nayo kabla hata ya jirani. Mimi hiyo tafsiri naipenda zaidi.

Na ipo hadi kwenye kuhesabu watu. Kutoka sura ya 30 Mungu anamwambia Musa ukihesabu watu kila mmoja atoe nusu shekeli pigo lisiwapate, na Rashi, yule mfafanuzi mkubwa wa Ufaransa wa karne ya 11, anaeleza kwamba kilichohesabiwa jicho baya linaweza kukitawala. Ndio maana mpaka leo wakitaka kujua kama wametimia wanaume 10 wa kusali, wengi hawanyooshei kidole moja mbili tatu, wanatumia mstari wa Zaburi 28:9 ambao kwa Kiebrania una maneno 10, kila mtu neno lake. Neno la mwisho likimfikia mtu wa kumi wanaanza sala. Nililiona kwa macho yangu pale mjini kwa yule bibi.

Inaendelea...

#2
Mkuu nimekaa pale nasubiri. Ila jicho katikati ya mkono mbona linatisha, hilo ndio watu wanasema ni la Illuminati.

#3 (mleta uzi)
Nakuja hapohapo mkuu. Jicho linalochorwa kwenye kiganja ni la kujibu jicho. Unanitazama na mimi nakutazama. Wazo lake ni rahisi hivo tu, kama kioo. Rangi ya bluu nayo ni hivohivo, Waturuki, Wagiriki, Waarabu, Wayahudi wa nchi zile wote wanatumia shanga ya bluu kwa jicho baya. Hamsa nyingine hazina jicho kabisa, zina samaki, zina nyota, zina herufi. Tena kwenye za Kiyahudi, cha kuangaliwa zaidi ni maandishi.

Mkono ni wa siku nyingi kuliko majina yake

Magharibi ya Hebron kuna mahali panaitwa Khirbet el-Qom. Mwaka 1967 mwanaakiolojia William Dever aliliona pale jiwe lililotoka kwenye kaburi la karne ya 8 kabla ya Kristo. Lina maandishi ya Kiebrania cha kale yanamtaja mtu anaitwa Uriyahu kwamba amebarikiwa na Yahwe, na chini yake umechongwa mkono, vidole vimeelekea chini. Wataalamu wanabishana kama ule mkono ni wa kinga au ni kitu kingine, lakini upo, kwenye kaburi la mtu wa Yuda, zaidi ya miaka 1000 kabla ya Uislamu na muda mrefu kabla mtu hajawaza Freemason. Na kule Carthage, Tunisia ya leo, mawe ya Wafoinike yana viganja vimechongwa wima, kuanzia karne nyingi kabla ya Kristo. Kwahiyo ukiuliza nani mwenye mkono huu, jibu ni kwamba watu wa maeneo yale waliukuta.

Halafu kuna mkono wa Mungu. Dini ya Kiyahudi inakataza kumchora Mungu, ila Torati yenyewe imejaa mkono wake, "kwa mkono wenye nguvu na mkono ulionyoshwa" alivyowatoa Misri. Basi wachoraji wa zamani wakachora mkono peke yake. Hii ntaielezea kidogo kwasababu mimi ni mtu wa mashamba. Mwaka 1928 vijana wa kibutsi kimoja (kijiji cha wakulima wanaomiliki mali kwa pamoja) kaskazini mwa Israel walikua wanachimba mfereji wa kumwagilia, wakagonga sakafu ya vijiwe vya rangi. Ikatoka sinagogi ya Beth Alpha ya karne ya 6. Kwenye sakafu kuna Abrahamu ameshika kisu, Isaka yuko mkononi mwake, na juu kabisa kwenye wingu unatoka mkono na mionzi, pembeni imeandikwa kwa Kiebrania "usinyooshe". Mkono wa kuzuia. Nilipelekwa kuiona, nikasimama pale muda mrefu.

Sisemi kwamba mkono wa Beth Alpha ndio hamsa. Ila mtu aliyelelewa na maandiko hayo, akikutana na kiganja cha kinga kwa majirani zake, hakioni kigeni. Anakijua.

#4
Assalaam aleikum. Mimi niko Tanga. Huo mbona ni mkono wa Fatma, nimeuona kwenye cheni za Waarabu. Na kwetu masheikh wanakataza hirizi, ni shirk. Sasa ni wa Wayahudi au wa Waislamu?

#5 (mleta uzi)
Waaleikum salaam ndugu yangu wa Tanga, swali zuri.

Ni wa wote wawili. Waislamu wa Afrika Kaskazini wengi wanauita khamsa tu, jina la mkono wa Fatma limesambazwa sana na Wafaransa walipotawala kule. Wayahudi siku hizi wanauita pia mkono wa Miriam, dada yake Musa na Haruni. Vidole vitano Mwislamu atakuhesabia nguzo tano, Myahudi atakuhesabia vitabu vitano vya Torati, na atakuonyesha herufi He, ya tano kwenye alfabeti yao ambayo pia wanaitumia kama kifupi cha jina la Mungu. Pale Granada Hispania, kwenye kasri la Alhambra, lango linaitwa lango la haki, limejengwa mwaka 1348 wakati wa mfalme wa Kiislamu Yusuf I, juu ya upinde wa nje kuna mkono umechongwa. Bado upo.

Na sikiliza hii. Morocco kazi ya usonara kwa sehemu kubwa ilikua mikononi mwa Wayahudi. Khamsa ya fedha aliyovaa bibi harusi wa Kiislamu kijijini mara nyingi ilitoka kwenye nyundo ya sonara wa Kiyahudi. Jirani anamtengenezea jirani kinga ya mwanae. Mimi hiki ndio kinanigusa kuliko vyote kwenye hii habari.

Kuhusu shirk: marabi nao wana ugomvi huohuo, wa miaka mingi sana, nakuja nao chini.

#6
Naongezea hapo kwa ndugu wa Tanga. Wale mashia wa Kihindi, Khoja, mwezi wa Muharram Dar na Unguja wanatoa alam, zile bendera ndefu, juu yake kuna kiganja cha chuma. Wanaita panja. Ile tano yao ni Mtume, Ali, Fatma, Hassan na Hussein.

#7 (mleta uzi)
Ahsante sana mkuu. Sisi tumeupita ule mkono mtaani miaka yote na hatujauliza.

Wayahudi waliongeza nini kwenye mkono?

Maneno, na samaki.

Chukua Mwanzo 49:22, Yakobo anambariki Yusufu. Biblia yetu ya Kiswahili inasema mti mchanga wenye kuzaa karibu na chemchemi. Kwa Kiebrania ni "ben porat Yosef, ben porat alei ayin". Sasa hapo kwenye ayin ndio pana utamu. Kiebrania chemchemi na jicho ni neno moja, ayin! Kiarabu pia, ain. Ni kama ardhi imefungua jicho inatoa machozi. Marabi wakausoma ule mstari upya: msisome "karibu na chemchemi", someni "aliye juu ya jicho". Yaani kizazi cha Yusufu jicho baya haliwapati. Kwenye Kiswahili hicho kitu kimepotea kabisa, huwezi kukiona, maana chemchemi ni chemchemi na jicho ni jicho. Ndio maana ukiona hamsa ya zamani ya fedha kutoka Morocco au Tunisia imeandikwa maneno hayo matatu ya mwanzo, ujue ni baraka ya Yakobo.

Na samaki. Mwanzo 48:16 Yakobo akiwabariki Efraimu na Manase anasema waongezeke wawe wengi, na kitenzi alichotumia kimetoka kwenye dag, samaki. Talmud, kitabu cha Berakhot, ukurasa wa 20a, inaeleza: kama samaki wa baharini maji yamewafunika na jicho halina nguvu juu yao, ndivyo na uzao wa Yusufu. Samaki hawaonekani, wanazaana kwa maelfu na hakuna wa kuwahusudu. Watu wa pwani mnanielewa hapa bila maelezo zaidi.

Na kwenye kitabu hichohicho, 55b, kuna mkono wenyewe. Mtu akiingia mji na anaogopa jicho baya, ashike dole gumba la kulia kwa mkono wa kushoto na dole gumba la kushoto kwa mkono wa kulia, aseme mimi fulani mwana wa fulani ni wa uzao wa Yusufu ambao jicho baya haliwatawali. Jaribuni hapo mlipo mtaona mikono inavyojifunga yenyewe. Hapo hakuna chuma wala cheni, kinga yote ni mkono wako na maneno ya babu yako.

Nyingine zimeandikwa Shaddai, jina la Mungu mwenyezi. Nyingine Zaburi ya 67 imepangwa kwa umbo la kinara cha taa saba. Taa za kutundika za masinagogi ya Morocco zina bamba la nyuma la umbo la hamsa. Kisiwa cha Djerba, Tunisia, ambako Wayahudi bado wanaishi mpaka leo na sinagogi ya Ghriba ipo, kuna kuta za nyumba zimechorwa kwa bluu mikono na samaki. Na ile sikukuu ya Wamorocco jioni Pasaka inapoisha, Mimouna, meza inajaa vitu vitamu na utakuta bakuli la unga limechomekwa sarafu tano, tende tano, maganda matano ya maharage mabichi. Yule bibi, mama wa msimamizi wetu, alituwekea hivyo, akatupaka na unga kidogo kwenye paji la uso. Tano kila mahali, bila hata kuchora mkono.

#8
Niaje. Niko Nairobi. Stika ya hiyo kitu nimeiona kwa matatu, makanga akaniambia ni ya kuzuia ajali. Sasa Biblia si inakataza hizo mambo? Wayahudi wenyewe walipewa amri.

#9 (mleta uzi)
Poa sana bro. Hapa ndio kwenye ule ugomvi niliomuahidi ndugu wa Tanga.

Kwanza tutofautishe. Mlangoni mwa Myahudi kuna kijisanduku kirefu kimeinama kwenye mwimo, inaitwa mezuza, ndani kuna ngozi imeandikwa Kumbukumbu la Torati 6, "Sikiza Ee Israeli". Hiyo ni amri, mstari wa 9 unasema uyaandike juu ya miimo ya mlango. Hamsa sio amri. Hakuna mahali Torati imesema vaeni hamsa. Ni desturi ya watu, imetoka jikoni na sokoni, haijatoka kwa marabi.

Na marabi wengine walikua wakali. Maimonides, yule tabibu na mwanasheria mkubwa aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kuhusu watu wanaoongeza majina ya malaika ndani ya mezuza: hawa hawana sehemu katika ulimwengu ujao, maana wamechukua amri kubwa ya kumpenda Mungu wakaigeuza hirizi ya faida zao. Kuna kitabu cha zamani zaidi, Tosefta, kinahesabu kufunga uzi mwekundu kidoleni kwenye "njia za Waamori", yaani ushirikina wa wapagani, na uzi mwekundu watu bado wanafunga mpaka leo!

Lakini upande wa pili Talmud hiyohiyo inaruhusu mtu kutoka na hirizi siku ya Sabato kama ni hirizi iliyothibitika, na kuthibitika ni iwe imeponya mara tatu. Walikua wanaichukulia kama dawa, yaani dawa ikifanya kazi kwa wagonjwa watatu unaiamini. Ndio maana huwezi kusema Uyahudi unakubali au unakataa hirizi, inategemea umemfungulia nani kitabu. Mwaka 1751 kule Altona karibu na Hamburg ugomvi wa hirizi ulipasua jamii nzima, Rabi Jacob Emden alimshtaki Rabi Jonathan Eybeschütz kwamba hirizi alizowapa wanawake wajawazito zina majina ya siri ya masihi wa uongo Shabbetai Zvi. Wanawake walikua wanakufa kwenye uzazi, ndio maana walizitafuta. Mimi nikisoma ule ugomvi namuwaza mwanamke ambaye amepewa karatasi ya kuweka chini ya mto, halafu anaambiwa karatasi yenyewe ina uzushi.

Kwahiyo ndugu wa Tanga, ukimwambia Myahudi wa mlengo wa Maimonides hirizi haifai, atakupa mkono. Na mimi binafsi siamini kama chuma kile kwenye funguo zangu kinazuia ajali. Kinanikumbusha sala ya mtu. Basi.

#10
Mi nauliza, Wayahudi wote wanaivaa? Maana wale wa Ulaya wenye makofia meusi sijawahi kuwaona nayo.

#11 (mleta uzi)
Umeona vizuri mkuu. Wayahudi wa Poland, Urusi, Ujerumani hawakua nayo. Jicho baya waliliogopa sana, wana neno lao kwa Kiyidishi, keyn eyn hore, "pasiwe na jicho baya", wanalitia kila wakisifia kitu, ila mkono haukua wao. Hamsa ni ya Wayahudi wa Morocco, Algeria, Tunisia, Libya, pia Iraq, Uajemi na nchi za huko.

Na hapa kuna maumivu ambayo yule bibi aliniambia. Mwaka 1948 Morocco peke yake ilikua na Wayahudi kama 250,000. Ndani ya miaka ishirini wengi wao waliondoka, wengi wakaenda Israel, wakawekwa kwenye kambi za mahema na vibanda, wengine wakapelekwa moja kwa moja miji ya jangwani. Na wale waliotangulia kutoka Ulaya waliwaona washamba. Kiarabu chao kilichekwa, vyakula vyao vilichekwa, na mikono yao ya fedha ikaitwa ushirikina. Bibi alisema aliivua hamsa yake ya utotoni akaiweka kwenye kopo la kahawa miaka mingi, kwasababu mwanae mkubwa alichekwa shule. Kopo la kahawa, wakuu.

Mambo yalibadilika taratibu. Miaka ya 1970 vijana wa asili ya Morocco waliingia barabarani Jerusalem kudai haki, watu wakaanza kuona fahari na asili zao. Makaburi ya watakatifu wao yakaanza kujaa watu, kama la Baba Sali pale Netivot, rabi wa Kimorocco aliyefariki 1984, siku yake ya kumbukumbu wanamiminika watu maelfu na hamsa zinauzwa kila upande. Leo hata mtu ambaye babu yake ametoka Warsaw anatundika hamsa mlangoni. Profesa Shalom Sabar wa Chuo Kikuu cha Kiebrania ameifatilia hiyo safari nzima, kutoka kitu kitakatifu mpaka kuwa kidude cha funguo. Kama changu.

Bibi alikua na furaha au hasira na hilo? Vyote. Alisema sasa wanaivaa wote, ila hakuna aliyekuja kuniomba msamaha.

#12
Na wale Wayahudi wa Uganda, Mbale?

#13 (mleta uzi)
Abayudaya wana historia yao tofauti. Semei Kakungulu, kiongozi wa Kiganda, na watu wake walishika Agano la Kale wenyewe mwaka 1919, asili yao ni kusoma Biblia, sio masoko ya Marrakech. Kwahiyo ukimkuta wa Mbale ana hamsa, ameipata hizi siku za karibuni kwa wageni au intaneti, haijatoka kwa mababu.

#14
Swali la mwisho kwangu mkuu, vidole viangalie juu au chini? Nimesoma mtandaoni juu ni kufukuza ubaya, chini ni kuita baraka.

#15 (mleta uzi)
Hiyo sheria inapendwa sana na wauzaji wa vidani. Za zamani zipo za juu na za chini, ule wa kaburi la Uriyahu uko chini, wa Alhambra uko juu. Nyingine hazifanani hata na mkono halisi, zina dole gumba mbili, moja kila upande, zimelingana. Sonara alifanya alivyofundishwa na baba yake.

Ila hamsa za kisasa za ukutani Israel zina dua ya nyumba, nyingi vidole vinaangalia chini, na ile dua ukiisikia kwa Kiebrania ina vina kama shairi letu kabisa. Inasema mlango huu usiingie huzuni, nyumba hii isiingie shida, hapa pasiingie ugomvi, mahali hapa pawe na baraka na amani. Sha'ar ni lango, tza'ar ni huzuni, ndio vina vyenyewe hivyo. Za kwenye gari zina sala ya safari.

#16
Na yule dada wa kanisani mliishiaje?

#17 (mleta uzi)
Jumapili iliyofata nilimtafuta mwenyewe. Nilimwambia habari ya bibi na ya yule mtoto mwenye mashavu. Alikaa kimya, halafu akaniambia kwao Pangani bibi yake alikua akimtoa mtoto mchanga nje anampaka masizi kidogo kwenye paji la uso ili asionekane mzuri sana. Akaomba aione ile hamsa vizuri, akaigeuza nyuma, akaona maandishi akauliza yanasema nini. Nikamsomea ile baraka ya Yusufu. Akafungua Biblia ya simu kwenye Mwanzo 49, akaenda mstari wa 22, akasoma "karibu na chemchemi", akaniambia haya sasa nionyeshe jicho liko wapi.

Tulikaa pale nje mpaka wakafunga geti.